Fika Kituoni na Kitambulisho Chako

Chuoni tulimwita Spika kwa sababu hana sauti. Ndiyo, hana. Akiongea mezani, wa upande wa pili anadhani anatafuna. Watu wa bweni kwa uchokozi wao wakambandika jina hilo, likashika, mpaka wahadhiri nao wakawa wanamwita hivyo bila kujua ni utani. Mimi nilikaa naye chumba kimoja bweni la wasichana tangu mwaka wa kwanza, na sauti ninayo, tena ya kugombana. Kwa hiyo tukagawana kazi: yeye anawaza, mimi napayuka. Kwenye mikutano ananinong'oneza, nami napanda juu ya kiti natangaza. Mtu akiuliza swali, nainama kungoja jibu. Mwanzoni watu walicheka, baadaye wakazoea.

Mikutano gani? Ya Tawi. Chuoni kwetu palikuwa na tawi la wanafunzi la shirika moja la kutetea haki za raia. Si chama cha siasa, na naomba hapo nisikike vizuri, maana nimechoka kueleza. Tulifundisha watu kwamba ukikamatwa una haki ya kuambiwa kosa lako, una haki ya kuwajulisha ndugu zako. Na tuliwahimiza watu wajiandikishe kupiga kura. Waliolianzisha Tawi walihitimu wakaenda zao, wakatuachia chumba kidogo nyuma ya maktaba na meza yenye mguu mmoja mfupi. Tukabaki watatu wa kutegemewa: Spika mwenyekiti, mimi mwenezi, na kijana mmoja wa sheria tuliyemwita Kanuni, ambaye huwezi kumwambia habari za asubuhi bila yeye kukutajia kifungu.

Watatu tutafanya nini chuo kizima? Spika akaja na mashine ya kunyolea. Baba yake ni kinyozi, na yeye amekulia miguuni pa kile kiti cha kuzunguka, anaijua kazi. Akatangaza, yaani nikatangaza, kwamba Tawi linanyoa bure. Wavulana wakaja mbio. Spika anakufunga kitambaa shingoni, anakunyoa upande mmoja taratibu, kisha anazima mashine.

"Umejiandikisha?" anauliza.

"Unasemaje?"

"Anakuuliza umejiandikisha kupiga kura?" mimi napaza.

Sasa utakwenda wapi na nusu kichwa? Wengine walikasirika, wengine wakaapa kwa mama zao, lakini waliondoka wakiwa wamenyolewa na wanajua siku ya kwenda. Nimeona watu wanaohutubia viwanjani wakitoka jasho bila kumshawishi hata mtu mmoja. Yule binti na mashine yake chakavu, haki ya Mungu, alikuwa anawamaliza.

Lakini kulikuwa na kichwa kimoja kilichomshinda, nacho kilikuwa cha baba yake.

Mzee alikuwa na kibanda chake cha kunyolea katika mtaa ulio nyuma ya ukuta wa chuo. Spika alipokuwa mdogo, mtaa ule ulikatiwa maji muda mrefu, na kwenye mkutano wa hadhara mzee akanyoosha mkono akauliza kwa nini. Hakutukana mtu, aliuliza tu. Kesho yake akaambiwa afike kituoni na kitambulisho. Akaenda kwa miguu yake mwenyewe, akijua anakwenda na kurudi. Hakurudi siku ile, wala iliyofuata. Mama yake Spika alifunga mfuko wa sabuni na taulo akaupeleka, wakaukataa. Akaupeleka tena, wakaukataa tena. Mzee alipoachiliwa alirudi nyumbani amenyamaza, akafungua kibanda, akaendelea kunyoa. Tangu hapo barabara inayopita kituo cha polisi haipiti, anazunguka hata kama mvua inanyesha. Na kura hakupiga tena.

"Mimi na mambo hayo tumemalizana," alikuwa akisema, na mashine inaunguruma.

Spika hakubishana naye. Alitaka kitu kimoja tu duniani, na aliniambia waziwazi tukiwa tunafua: amwone baba yake akipiga kura, mara moja tu. Mimi nikamwambia atangulie kutaka kitu rahisi, kama kushusha mwezi.

Mwaka ule mambo yakawa mabaya zaidi. Mtaa ule ulihamishiwa kituo cha kupigia kura cha mbali, ng'ambo ya bonde, huko ambako hata kijana anafika akihema, sembuse mzee mwenye goti bovu. Nani atakwenda? Spika akaandika barua, akaandika nyingine, Kanuni akaziwekea vifungu, mimi nikaenda kupiga kelele ofisi ya uchaguzi mpaka karani mmoja akaniomba nikae. Mwishowe wakakubali. Maofisa wangekuja na mashine yao ya kuandikisha kwenye ukumbi wa chuo, siku moja tu, ile ya mwisho ya uandikishaji. Mtu wa mtaa anafika mwenyewe na kitambulisho, anahamishwa, na siku ya kura anapigia hapo ukumbini, karibu na mlango wake. Asipofika siku hiyo, basi tena, ni bonde.

Spika akatengeneza tangazo zuri, picha yenye rangi, na kila kitu kimeandikwa humo: ukumbi, saa, sababu. Chini yake akatuma ujumbe mfupi wa kukumbusha. Akautuma kwa simu yake mwenyewe kwa kila namba ya mtaani tuliyokuwa nayo, na ya baba yake ikiwemo. Ujumbe ulisema hivi: "Fika kituoni mapema na kitambulisho chako. Usikose. Tawi."

Tukalala tumefurahi.

Asubuhi ukumbi ulipangwa viti, maofisa wawili wakakaa nyuma ya mashine yao, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, na sisi tukasimama mlangoni na fulana za Tawi. Tukangoja. Hakuja mtu. Nikasema bado wanakunywa chai. Tukangoja tena. Hakuja mtu. Jua likapanda, yule ofisa mwanamke akatoa kitambaa akaanza kushona ua. Mtaa mzima! Hata wale akina mama walionishika mkono wakisema mwanangu tutakuja, tena tutakuja na majirani!

"Wamesusia," akasema Kanuni. "Kususia ni haki yao pia, kwa mujibu wa..."

"Kanuni, nitakupiga na kiti," nikamwambia.

Spika akanivuta mkono. Twende mtaani.

Tukapitia tundu la ukuta, na huko ndiko nilikochanganyikiwa kabisa. Mtaa ulikuwa mtupu. Milango ina makufuli. Nguo kwenye kamba, kuku wanatembea, redio moja inaongea peke yake dirishani. Kibanda cha kinyozi kimefungwa, na mzee yule hafungi hata akiwa na homa. Spika alilishika kufuli akalitikisa, kana kwamba huenda linamtania.

Kwenye kizingiti cha nyumba ya jirani alikuwepo bibi mmoja, miguu imemvimba, amekaa na kitambulisho mapajani.

"Bibi, watu wako wapi?" nikauliza.

"Wameenda kituoni. Ninyi hamjaitwa?"

"Kituoni?"

"Tumeitwa wote. Mimi nimewaambia wanisemee, miguu haiwezi."

Tukatazamana. Kituoni! Nikamshika Spika tukakimbia mpaka kituo cha basi. Tulikuta benchi tupu na mpiga debe anayechokonoa meno. Nikamuuliza ameona watu wengi wenye vitambulisho. Akasema yeye huona watu wengi kila siku, vitambulisho hawamwonyeshi. Nilitaka kumjibu vibaya, lakini niligeuka nikamwona Spika amekaa chini, palepale vumbini, na simu mkononi. Midomo inacheza. Nikainama kumsikiliza kama kawaida yetu.

"Picha," alisema. "Simu za vitufe hazipokei picha."

"Sasa?"

"Wamepata maneno tu. Soma maneno."

Nikasoma. Fika kituoni mapema na kitambulisho chako. Usikose. Nikasoma tena, safari hii kwa macho ya mtu asiyejua lolote kuhusu ukumbi. Na lile neno la mwisho, Tawi! Tawi gani? Kwa mtu aliyekwisha kuogopa, tawi ni la upelelezi, litakuwa la nini tena? Sisi tulikuwa tumesema kituo, kituo, kituo mwezi mzima chumbani kwetu, tukimaanisha kile cha kura, mpaka tukasahau kwamba kwa watu wote wengine duniani mtu akiitwa kituoni hakuna anayeuliza ni kipi.

"Baba," akasema Spika, akainuka.

Sijawahi kumwona akikimbia vile. Mimi mwenye mdomo nilibaki nyuma nahema.

Kituo cha polisi kilikuwa kimejaa, lakini kimejaa kwa adabu. Foleni imenyooka kutoka kaunta, ikatoka mlangoni, ikazunguka ukuta. Akina mama, mafundi, wazee, kila mmoja na kitambulisho mkononi, kimya. Askari walikuwa wametoa macho. Watu wanaoandamana hupiga kelele, hilo wanalijua na wana dawa yake. Hawa wamekuja wenyewe, wamepanga foleni wenyewe, hawataki kitu. Wakaambiwa wasubiri mkuu wa kituo arudi, na walikuwa wanasubiri tangu asubuhi.

"Nani kawaita?" askari wa kaunta alikuwa akimuuliza mama mmoja, na ilionekana si mara ya kwanza.

"Ninyi."

"Sisi hatujaita mtu."

"Mbona mmesema tusikose?"

Askari akajikuna kichwa akatazama simu ya yule mama, akaipindua, akatazama nyuma yake.

Mkuu wa kituo ndiyo kwanza alikuwa amefika, kofia bado mkononi. Tulijipenyeza mpaka mlango wa chumba cha ndani. Hapo kwenye benchi alikuwa amekaa baba yake Spika. Amevaa koti lake la harusi, amefunga vifungo vyote, na katikati ya miguu ameweka mfuko. Alikuwa anamtazama mkuu wa kituo bila kupepesa. Sisi hakutuona.

"Nimekuja," alikuwa akisema. "Mwachieni mtoto."

"Mtoto gani, mzee?"

"Binti yangu. Mmetumia simu yake kuniita. Nimekuja nikae mimi. Yeye ana mitihani."

Nilihisi Spika akinishika bega, kucha zikaniingia.

Mkuu wa kituo alimgeukia askari wake, askari akainua mabega. "Mzee," akasema, "hatuna binti yako hapa. Na wewe hatujakukamata."

"Basi niachilieni."

"Nitakuachiliaje na sijakukamata? Inuka tu uende nyumbani."

Mzee hakuinuka. "Mara ile nayo mlisema hamjanikamata," akasema.

Foleni nzima ilikuwa inasikia. Mkuu wa kituo hakuwa mtu wa enzi zile, alikuwa mgeni pale, na sidhani kama alijua anaambiwa nini. Alisimama anazungusha kofia vidoleni kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe amshike. Kisha akaivaa, akaiweka sawa, akasimama wima.

"Mzee," akasema, "umeachiliwa."

"Na yeye?"

"Na yeye ameachiliwa."

Ndipo mzee akachukua mfuko wake akainuka, na goti likampa taabu.

"Baba," akasema Spika.

Alisema kwa ile sauti yake ambayo chuo kizima kilikuwa kinahitaji mimi ili kuisikia. Mzee akageuka papo hapo. Akamtazama uso, akamtazama mikono yote miwili, mbele na nyuma, kama anakagua nguo aliyoazimisha. Akamwuliza kama amekula.

Tulitoka nao wote. Mimi nikapanda kwenye ngazi za kituo cha polisi, Mungu anisamehe, nikapaza sauti kueleza ukumbi, mashine, bonde, picha na vitufe. Kuna mama alinisonya sonyo refu mpaka nikamaliza maelezo bado anasonya. Fundi mmoja akacheka, akasema yeye ameacha mlango wa mteja haujapigiliwa, mwizi akiingia Tawi litalipa. Kisha wakaanza kutembea kuelekea chuoni, haohao, kwa mpangilio uleule wa foleni, wala hakuna aliyemkanyaga mwenzake.

Nilitembea nyuma ya Spika na baba yake.

"Walikuweka chumba gani?" mzee akauliza.

"Sikuwa ndani, baba. Ule ujumbe niliandika mimi. Ulikuwa wa kura."

Alisimama. "Kura? Ukaandika kituoni?"

"Ndiyo."

"Chuo chote hicho," mzee akasema, "mkakosa neno jingine?"

Mimi nilitazama pembeni kana kwamba si mwenezi wa Tawi.

Saa ya kufunga ilikuwa imekwisha kufika tulipofika ukumbini, lakini maofisa walikuwa bado wamekaa. Walikaa kwa sababu Kanuni alikuwa amesimama mbele ya mashine anawasomea kanuni za uandikishaji, tangu ukurasa wa kwanza, na kila akimaliza kifungu anawauliza kama wamekielewa sawasawa. Ofisa mwanamke alikuwa amemaliza ua lake na ameanza jani. Ofisa mwanamume alipoona foleni inaingia, uso wake ulikuwa wa mtu aliyetolewa shimoni, kisha akakumbuka kazi.

"Muda umekwisha," akasema. "Wanaohudumiwa ni waliokuwa kwenye foleni tu."

"Na hawa walikuwa wapi?" nikamrukia. "Wako kwenye foleni tangu jua halijachomoza vizuri! Waulize polisi, watakuambia! Walikuwa kwenye foleni ya kituo!"

"Kituo kingine hicho."

"Foleni ni foleni!"

Kanuni akafungua ukurasa mwingine akakohoa kusafisha koo. Ofisa mwanamume alimtazama Kanuni, akalitazama bunda la karatasi mkononi mwake, lilikuwa bado nene. Akawasha mashine.

Mzee alisogea na zamu yake. Nilidhani atatoroka, maana kwa nini asitoroke, siku ilikuwa imemtosha. Lakini Spika alikuwa anatembea kando yake hatua kwa hatua, na sidhani kama alikuwa tayari kumwacha peke yake na mtu yeyote mwenye meza. Akaweka kitambulisho. Akaweka kidole palipoonyeshwa. Ofisa, bila kuinua kichwa, akamwuliza kama anavyouliza kila mtu:

"Mzee, unataka kituo gani?"

Yule mama wa sonyo akaanza kucheka, na fundi akadakia, kicheko kikapita ukumbi mzima, na ofisa akawa anatutazama mmoja mmoja akitafuta kosa lake. Mzee peke yake hakucheka.

"Hiki," akasema. "Alipo huyu."

Siku ya kura tulikuwa tumejifunza. Matangazo yote yalisema ukumbini, kwa maneno matupu bila picha, na jina la chuo kwa kirefu. Bibi wa miguu alikuja kwa kiti cha magurudumu cha zahanati ya chuo, kilekile tulichomfuatia nacho jioni ile ya kuandikisha. Spika na mimi tulisimama nje kuelekeza watu. Mzee alikuja mapema, koti la harusi, vifungo vyote, na mfuko.

"Baba, mfuko wa nini tena?" Spika akamwuliza.

"Kituo ni kituo, mwanangu."

Akampa amshikie, akaingia. Mimi na umbea wangu nikauvuta ule mfuko nikachungulia. Sabuni mbili. Taulo mbili, na moja ilikuwa ya njano yenye samaki, ile ambayo Spika alikuwa ameitafuta kwao likizo nzima akaambiwa imepotea. Spika akaitazama, akafunga mfuko, akaufunga tena fundo la pili. Sikujua nicheke au nifanye nini, na mpaka leo sijui.

Mzee alitoka na kidole chenye wino amekiinua mbele yake, kana kwamba si chake. Alikuwa amekunja uso, anatazama nyuma mlangoni, anatutazama sisi.

"Wamesema naweza kwenda," akasema. "Hivyo tu?"

"Hivyo tu, baba."

Akasimama kidogo, huenda kuna atakayemwita. Hakuna aliyemwita. Akapokea mfuko wake kwa binti yake.